Mlezi Anayeweka Mikono Nyuma

Saa mbili asubuhi. Mlangoni mwa kituo cha ustawi wa jamii, mzee mmoja anafunga vifungo vya sweta lake. Kifungo cha kwanza kimeingia tundu la pili. Anakiona, anaguna, anaanza upya. Mbele yake amesimama mwanamke wa makamo, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Vidole vinamwasha, lakini hagusi kitu.

"Ukinisaidia narudi nyumbani," mzee anamwambia bila kuinua macho.

"Nani kakugusa, Fundi?"

Wote wawili wanacheka.

Mlezi huyu alitumia miaka kumi na tisa katika jengo hilihili akilea watoto wa chekechea. Kisha familia changa zikahamia pembezoni mwa mji kufuata kodi nafuu, nyuma wakabaki wazazi wao. Watoto sitini wakapungua hadi tisa. Idara ikawahamishia hao tisa kituo kingine, ikaondoa viti vidogo na kuwafungulia milango wazee wanaoshinda peke yao. Mlezi akabakizwa awahudumie.

Siku za mwanzo alifanya kazi kwa moto wote. Alipuliza chai za watu, aliwakatia nyama vipande vidogo, aliwaita kwa makofi. Wengi walicheka, wakambandika jina la Mwalimu.

Fundi hakucheka. Ni fundi cherehani mstaafu, na asubuhi moja mlezi alimkuta anahangaika na shati, akamfungia vifungo vyote chapchap mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja. Wiki nzima ikapita, kiti chake kitupu.

Hapo ndipo mlezi alipokosa usingizi. Fundi ni mjane, binti yake anafanya kazi mbali, na chakula cha mchana cha kituo ndicho pekee cha moto alichokuwa akipata. Akamfuata nyumbani. Alimkuta ukingoni mwa kitanda, mkebe wa biskuti pembeni yake.

"Vifungo nimeshona maisha yangu yote," Fundi alimwambia. "Leo nifungiwe kama naenda chekechea?"

"Nisamehe, baba. Mikono hii imezoea watoto."

"Basi iweke nyuma."

Jumatatu iliyofuata Fundi alikuwa wa kwanza mlangoni. Tangu hapo mlezi huuliza kwanza, kisha husubiri. Asubuhi zimerefuka na chai hupoa mezani, lakini anasema hajawahi kuipenda kazi yake kama sasa.

Wazee wamefika arobaini, wahudumu wawili tu. Idara imeahidi kuajiri wengine watatu, wote waliotoka kulea watoto. Mlezi ameomba jambo moja: kabla ya kupewa kazi yoyote, kila mgeni asimame mbele ya Fundi, mikono nyuma, mpaka mzee amalize kuvaa.

Fundi amekubali bila kubembelezwa.

"Siku hiyo," anasema, "nitavaa lile koti langu lenye vifungo vingi."