Dawa ya Kupoza Kompyuta

Kompyuta yangu ya mezani ni kuukuu, lakini juzi nilitaka icheze gemu za mpira kama mpya. Nikaiongezea memori, nikaagiza Mombasa kadi ya picha iliyokwisha kutumika. Muuzaji akanitilia na kikopo cha dawa ya kupaka juu ya prosesa isipate moto. Mzigo ulipovuka kwa boti kutoka Mokowe hadi kisiwani kwetu, nilikiweka kikopo kile kwenye meza ya kioo ya mke wangu, Mwanaesha, kando ya kikopo chake cha liwa ya kujipaka usoni. Vyote viwili vilikuwa vyeupe, havina maandishi.

Kesho yake nikachukua kimoja na kukifungua. Kilinukia sandali na marashi. Dawa hiyo sikuwahi kuiona maishani, basi nikajisemea kwamba watu wa Mombasa ni wastaarabu, hata kompyuta wanaitia manukato. Nikaipaka prosesa kama anayemsinga bibi arusi.

Alasiri Famau, kaka yake Mwanaesha, akaja tucheze. Kipindi cha kwanza hakijaisha, kompyuta ikachemka na nyumba nzima ikanukia.

"Shemeji, mwafukiza udi?" akauliza.

"Ni dawa ya kompyuta," nikamjibu kwa maringo. "Ni mambo ya kitaalamu haya."

Mara Mwanaesha akatoka chumbani, alikokuwa akijiandaa kwenda arusini Mkomani. Uso wake wote ulikuwa wa kijivu, unang'aa kama sufuria mpya.

"Bwana," akasema, "liwa hii mbona haikauki?"