Kamera ya Madirisha Mawili

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa fundi mmoja hapa Mbeya. Kazi inayomlisha ni kuchonga vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, lakini kazi anayoipenda ni kufufua kamera za zamani, zile za mkanda. Nilimpelekea yangu, imekwama. Aliifungua, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imeshakula chumvi ya kutosha," akasema. "Mbona nisikuchongee mpya? Lenzi tutapata, vioo tutapata. Bodi nachonga mwenyewe. Wewe niandikie tu kamera unayoitaka, mpaka skrubu ya mwisho."

Nilicheka, lakini njiani nilipita dukani nikanunua daftari la mistari. Jioni ile nikaketi mezani na penseli, mtu mzima, mwalimu wa fizikia, nikichora kamera kama mtoto anayechora gari. Nikaandika: iwe ya chuma, nzito kidogo, ili mkono usitetemeke. Isiwe na betri, maana betri huvuja na kuoza. Mlio wake uwe mdogo, wa kupigia picha kanisani watu wakiwa wameinamisha vichwa. Iwe na madirisha mawili kwa mbele, ya kupimia umbali. Nilipofika hapo penseli ilisimama. Niligundua sikuwa nabuni kitu. Nilikuwa naichora kamera ya jirani yetu wa Bujonde, kijijini kwetu Kyela, na mimi kamera ile nina kesi nayo.

Ngoja nikueleze.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya migomba na mikakao, kama nyumba zote za kule. Nililelewa na bibi, mama yake baba. Asubuhi niliamshwa na mlio wa ufagio wake uwanjani, na harufu ya kakao iliyoanikwa kwenye mikeka, harufu kali kidogo ya kuchacha ambayo mgeni huikunjia pua na mwenyeji haisikii. Kazi yangu ilikuwa kugeuza zile mbegu kwa mikono, kufukuza kuku, na mawingu yakija kutoka ziwani, kukimbia na mikeka ndani. Na Kyela mawingu hayapigi hodi. Unaweza kuanika mara nne kwa siku, ukaanua mara nne. Mchana tulikula ndizi za mbalaga na usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, au wali wa mpunga mpya ambao ukiupika jirani wa nyumba ya tatu anajua.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa mpiga picha. Mtu mrefu, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kamera yake aliinunua zamani kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa Kasumulu, mpakani, akihama. Ilikuwa nyeusi, kingo zake zimechubuka mpaka shaba inaonekana. Harusi, ubatizo, kipaimara, mtu anayetaka picha ya kitambulisho, wote walikuwa wake. Mkanda ukijaa aliupeleka Mbeya kusafishwa, na picha zilirudi baada ya wiki mbili ndani ya bahasha.

Adui yake alikuwa unyevu. Masika ya Kyela huotesha ukungu hata kwenye mkanda wa suruali, sembuse kioo cha lenzi. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, inavuja. Ya bibi ilikuwa ya mabati. Basi mvua zilipoanza aliifunga kamera kwenye kitambaa, akaizika ndani ya debe la mchele mkavu, akalileta kwa bibi. Mchele hunyonya maji, alisema. Bibi aliliweka debe chumbani kwake, juu ya magunia.

"Mwagonile," alikuwa akisalimia mlangoni, amevua viatu. "Nimekuja kumwangalia mgonjwa wangu."

"Amelala vizuri," bibi alikuwa akijibu. "Tena anakula mchele wote."

Siku moja, kabla hajaizika, alinionyesha siri yake. Alinishikisha, mikono yake ikiwa chini ya yangu, akaniambia nimtazame bibi aliyekuwa akipepeta. Nikaona bibi wawili. Mmoja mzito, mwingine hafifu kama kivuli cha rangi ya njano, wamepishana kidogo. "Zungusha pete taratibu," akasema. Nikazungusha. Bibi hafifu akatembea, akamkaribia bibi mzito, akaingia ndani yake, wakawa mtu mmoja. "Hapo ndipo unabonyeza. Kabla ya hapo unadanganya." Akaniambia pia kwamba kila kunapokucha kweupe huitazama milima ya Livingstone kupitia kidirisha kile. Mlima ukiwa mmoja, kamera ni nzima.

Unadhani mtoto wa miaka tisa akionyeshwa hivyo atalala? Bibi alipokwenda shambani niliingia chumbani kwake, nikafukua mchele. Mara ya kwanza nilirudisha salama. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nilitoka nayo mpaka jikoni, nikawa namzungusha kuku mmoja awe wawili, wawili wawe mmoja, na mikono ilikuwa na mafuta ya mawese. Ikaponyoka. Ikagonga ukingo wa jiwe la kusagia, ikaanguka chini.

Niliigeuza huku na huku. Haikuwa na ufa. Haikuwa na alama mpya hata moja niliyoweza kuitofautisha na za zamani. Nikaifuta, nikaizika ndani ya mchele, nikaenda kugeuza kakao. Nilijiambia haikuumia, na kwa sababu hakuna aliyeuliza, sikusema.

Jumamosi ya wiki ile aliolewa shangazi, mdogo wake baba. Mume alikuwa na kazi Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na Jumatatu walikuwa wanavuka mpaka. Mpiga picha alikuja alfajiri kuchukua kamera. Alitazama upande wa milima, lakini milima haikuwapo. Wiki nzima ilikuwa imezama ndani ya mawingu. Akaipangusa lenzi, akatoka.

Bibi hakuwa amewahi kupigwa picha. Si kwamba aliogopa. Kila mara alikuwa na kazi. "Nikimaliza hii," alikuwa akisema, na hakuna siku alimaliza. Siku ile, kwa ajili ya binti yake anayeondoka, alikubali. Alisimama mbele ya migomba na kitambaa cheupe kichwani. Mpiga picha alimsogelea karibu kabisa, akazungusha pete kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, maana mwanga ulikuwa mdogo na alijua hapati nafasi nyingine. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Bado nilikuwa na nafasi ya kusema.

Bahasha ilirudi baada ya wiki mbili. Alikuja nayo bila kusalimia, akaketi kwenye kigoda, akampa baba. Picha za mbali zilikuwa na nafuu. Za karibu zilikuwa ukungu mtupu. Ile ya bibi ndiyo iliyoumiza zaidi, kwa sababu majani ya mgomba nyuma yake yalitoka makali, kila mshipa unaonekana, na mbele yake palikuwa na kitu cheupe kilichoyeyuka.

"Ni macho yangu," mpiga picha akasema. "Nilidhani nimemwona, kumbe sikumwona. Mnisamehe. Macho yameniaga."

Bibi alicheka, akamwambia asijali, mtu mzuri kama yeye picha haimwezi. "Mvua ziishe, utanipiga tena."

"Mvua zikiisha sitakuwa mpiga picha, mama," akajibu.

Na kweli. Debe alilileta, kamera ikiwa ndani, akaliacha. Akarudi kwenye mpunga wake. Watu wakaanza kwenda kwa mpiga picha wa mjini. Nilikuwa namwona akipita na jembe, akiiweka miguu chini kwa uangalifu kama anayepapasa, na nikajua anafanya vile kwa sababu amekwisha kuamini kwamba haoni. Kila asubuhi niliamka nikiwa na sentensi moja mdomoni, na kila jioni nililala nayo.

Mwezi wa sita bibi aliugua homa. Siku nne tu. Siku ya tano tulimzika.

Baada ya matanga kuisha, mpiga picha alikuja kuchukua debe, kwa kuwa chumba kilikuwa kinasafishwa. Nilimtolea mwenyewe. Alipolipokea nikasema, haraka, kama mtu anayetapika, "Baba, mimi niliiangusha."

Akalitua debe. "Lini, mama?"

"Kabla ya harusi ya shangazi."

Hakunipiga. Aliingiza mkono ndani ya mchele, akaitoa, akaifungua kitambaa, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Mvua zilikuwa zimekwisha na milima ilisimama wazi tangu chini hadi juu. Akaiinua kamera jichoni. Alitazama muda mrefu mno.

"Ni miwili," akasema.

Kisha akaketi palepale chini, mtu mrefu vile, na shati lake la vifungo. "Miezi miwili," akasema, si kwa hasira, "nimekaa miezi miwili nikijifunza kuwa kipofu." Halafu akasema neno ambalo ndilo kesi yenyewe. "Na bibi yako alikuwepo. Miezi yote miwili alikuwepo, hapa, hatua ishirini."

Nililia, na hakuninyamazisha. Alinishika mkono tukaenda kwa baba, nikayarudia maneno yale mbele yake. Baba alitazama chini, akasema, "Ndaga," asante, akimwambia yeye, si mimi. Siku iliyofuata mpiga picha aliazima bisibisi ya fundi saa, akaifungua skrubu ndogo, akaigeuza kidogo sana mpaka mlima ukaungana. Robo ya mzunguko, labda. Alirudi kazini, akafanya miaka mingi. Kila nilipokutana naye alinisalimia kwa upole uleule, na hilo ndilo lililonichoma.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza fundi wa Mbeya nilipompelekea daftari langu. Nilitaka skrubu ya kurekebishia iwe kwa nje, chini ya kifuniko kidogo. Na nilitaka ndani ya kidirisha kuwe na kijiti chembamba cha kioo, kinachokatika kamera ikigongwa kwa nguvu, ili anayechungulia aone mara moja.

Alisoma mara mbili. "Watu huniomba niwachongee jina lao," akasema. "Wewe unataka ikiangushwa iseme?"

"Iseme."

"Hata kama aliyeiangusha ni wewe?"

"Hasa hapo."

Ameshaanza kuichonga. Mpiga picha hayupo tena; nyumba yake ya nyasi ilianguka, na mahali pake mtu amepanda mikakao. Kule sasa kila mtoto ana simu ya kupigia picha, na harusi moja huzaa picha elfu ambazo hakuna anayezingojea wiki mbili. Sisemi ni vibaya.

Mwezi uliopita nilivuka Kasumulu kumtembelea shangazi. Amezeeka, lakini ile picha ya ukungu bado imetundikwa sebuleni kwake, kwenye fremu nzuri kuliko zote. Mwanangu wa kike aliitazama, akauliza bibi huyu alifanana vipi. Nikamwambia alikuwa na pengo la jino, na kovu dogo la mundu kwenye shavu la kulia.

"La kushoto," shangazi akasema.

"La kulia, shangazi. Nilikuwa nalala naye."

"Huyo ni mama yangu. La kushoto."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kisha wote wawili, kwa wakati mmoja, tuliinua macho ukutani kutafuta shahidi, tukakuta majani ya mgomba.