Siku Tano Bila Kupumzika

Fundi viatu yule watu walimwita Mama Soli, ingawa hakuwa na mtoto. Kila mwaka waumini mia mbili walitembea siku kumi na mbili kwenda hija, na katika kamati yeye ndiye aliyepanga siku za kupumzika. Nani angejua miguu ya watu kumshinda? Alishika kiatu, akatazama soli ilivyolika, akakwambia utachoka siku ya ngapi.

Wasichojua ni kwamba kazi ile aliiomba kwa shari.

Miaka mitatu nyuma, mama yake mzazi alikuwa safarini, mguu umevimba, akihesabu saa afikie pumziko la siku ya saba. Mwenyekiti, muuza vitambaa mpenda sifa, akalifuta ili wafike kabla ya kundi la mtaa wa pili. "Mguu wa mtu mmoja hauwezi kusimamisha watu mia mbili," alisema, akamwacha bi mkubwa kwenye baraza ya duka lililofungwa, na chupa ya maji. Kidonda kikaoza. Vidole vitatu vikakatwa. Mwenyekiti hakuja hata kumjulia hali. Mtenda husahau, mtendwa, thubutu!

Mwaka huu Mwenyekiti alifika kibandani na viatu vipya vya ngozi. Akavivaa, akatembea hatua tatu kwa maringo.

"Unavionaje, dada?"

Mama Soli aliona dole gumba likisukuma ngozi, na kisigino kigumu kama ubao. Angevilaza kwenye kalibu ya kutanulia viatu usiku mmoja tu, vingelegea.

"Vimekukaa kwelikweli, Mwenyekiti. Vaa hivyohivyo."

Kisha akaketi na ratiba. Pumziko la kwanza siku ya tatu, la pili siku ya tisa. Katikati, siku tano za kutembea mfululizo. Viatu vya wengine wote alivipitia kimoja kimoja, akavitia soli laini ndani. Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma; macho yake yalikuwa kwenye siku ya kufika.

Siku ya sita soksi zake zililoa damu. Siku ya saba, wenzake wakifunga mizigo katika shule walikolala, yeye alibaki ameketi sakafuni.

"Dada, tupumzike leo. Nakuomba."

"Pumziko ni siku ya tisa."

"Ratiba si umeipanga wewe? Ibadilishe!"

"Sahihi ni yako." Akachutama, wakatazamana. "Mguu wa mtu mmoja, Mwenyekiti..."

Hakumalizia. Aliona uso ukimshuka.

"Bi mkubwa yule," Mwenyekiti alinong'ona. "Ni mama yako?"

"Ndiye."

Machozi yakamtoka. Mama Soli alimwachia dawa ya vidonda na kumkabidhi kwa mlinzi wa shule. Si huruma, alitaka apone, aishi miaka mingi, akumbuke. Akatoka nje, kifua chepesi kama mtu aliyetua gunia.

Siku ya nane mwalimu mmoja mstaafu alianza kuchechemea, magoti yamemvimba. Hilo lilimchoma Mama Soli. Alimbebea mzigo mpaka jioni, hakumwambia kwa nini.

Aliporudi nyumbani, bi mkubwa alisikiliza akiwa kitandani, akacheka mpaka shuka likaanguka.

"Alilia?"

"Alilia, mama."

"Kwa sauti?"

"Hapana, kimyakimya."

Bi mkubwa akasikitika kidogo. "Haya, anza tena," akasema, akijiweka sawa kwenye mto. "Polepole, usiruke kitu."