Krismasi tuliyompelekea Mama Nadine kazi badala ya zawadi, ikageuka msiba

Wakuu, habari za humu ndani. Huu uzi nimeuandika nikaufuta, leo naumaliza. Yote yaliyomo niliyaona kwa macho yangu, na wala sihitaji kuongeza chumvi.

Nimekulia Buzebazeba, Kigoma. Miaka ile vita vya Burundi vilipopamba moto, watu walikuwa wanavuka kila wiki. Wengi walipelekwa kambini, wengine wakajibanza mtaani kwetu kwenye vyumba vya uani.

Mmoja wao alikuwa Mama Nadine. Mrundi, mtaratibu, ana watoto wawili wa kike. Alipanga chumba kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Ujiji.

Yeye na mumewe, Melkiori, walipotezana njiani wakikimbia.

Mama Nadine alikuwa anaanika dagaa za watu kule Katonga. Akimaliza harudi nyumbani. Anabaki mwaloni, pale ufukweni, mpaka boti za kutoka kaskazini, upande wa Burundi, zile zinazopitia Mwamgongo, zishushe abiria. Anawaangalia nyuso mmoja mmoja, kisha ndiyo anarudi.

Aliwahi kumwambia mama yangu kwamba Melkiori angekuwa amekufa, moyo wake ungeshamwambia. Tukamwacha hivyo hivyo.

Krismasi ikakaribia, hali za watu mbaya. Mama yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, na akishika jambo huyo humtoi. Akasema mwaka huu hakuna cha khanga wala mchele wa kupeana. Zawadi iwe kazi. Tutoe mikono yetu kwa mwenye shida.

Jina la kwanza likawa la Mama Nadine.

Mpango ulikuwa hivi: mkesha wa Krismasi, yeye akiwa Katonga, tuingie kwake tumfanyie kila kitu. Sapraizi. Hilo neno mama alilitoa kwa sista mmoja na alikuwa analipenda balaa.

Tulipokwenda kuomba sufuria kubwa na majamvi, Bi Zuhura aliuliza kitu kimoja tu, kama mwenyewe ameambiwa. Mama akacheka, akasema raha yake ni asijue. Bi Zuhura akatoa sufuria.

Siku ya siku tulijaa pale uani. Wanaume wanapasua kuni na kuzipanga ukutani. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanapishana na ndoo za maji. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nikapewa kufagia uwanja na kutandika majamvi ili tuje kula naye. Moto umewashwa nje, sufuria la maharage liko juu ya mafiga. Watoto wake tukawapeleka nyumba ya jirani wasije wakatoboa siri.

Wakuu, hebu rudini msome tena hiyo aya.

Kwetu mtu akifiwa, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Watu wanakusanyika kwake kwanza. Maji yanachotwa, kuni zinapasuliwa, majamvi yanatandikwa, watoto wanaondolewa. Akitokea, mtu mzima mmoja anamfuata, anamshika, anamwingiza ndani kumwambia.

Mtaa wetu ulikuwa umeshawafanyia hivyo Warundi kadhaa mwaka ule ule. Mama Nadine mwenyewe alishachota maji kwenye misiba hiyo. Na kati ya watu wazima wote wale, hakuna aliyeliona hilo. Mpaka leo najiuliza tulikuwa na akili gani.

Akatokea kwenye kona, beseni kichwani.

Tulipomwona tukanyamaza wote, maana ndiyo sapraizi yenyewe. Mama yangu akainuka akamwendea, kamnyooshea mikono.

Beseni likaanguka.

Hakuuliza kitu. Alipiga kelele "Mana yanje!", yaani Mungu wangu, akaita jina la mumewe, akajitupa kwenye matope ya njiani. Akamlilia Melkiori kama maiti anavyoliliwa. Anamtaja kwa mema yake, anamwambia apumzike, anamuahidi kwamba watoto atawalea. Nadine akamsikia kutoka kwa jirani, akaja mbio, naye akaanza kumlilia baba yake.

Mama anamshika, anamwambia hakuna aliyekufa, ni Krismasi tu. Hasikii. Mwishowe Bi Zuhura alipiga magoti kwenye matope yale, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Hakuna habari yoyote iliyokuja, mwanangu. Wamekuja kukusaidia kazi."

Akanyamaza. Akaangalia kuni, akaangalia majamvi, akatuangalia sisi.

"Mmenifanya nimlilie mtu aliye hai," akasema. "Nimemchulia mume wangu kwa kinywa changu."

Wakuu, kwao Warundi na kwetu Waha hilo ni jambo zito sana. Ni uchuro, ni kumwitia mtu kifo. Mama alimwomba radhi. Maharage yaliungua tukiyaangalia. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Zile kuni hakuzigusa kamwe. Zililiwa na mchwa pale pale ukutani.

Na hakubaki tena mwaloni. Akimaliza kuanika dagaa, anarudi moja kwa moja. Miezi ikapita, Melkiori hakuja, wala habari zake. Siku moja nikampa shikamoo, nikajikaza nikamuuliza mbona haangalii tena boti. Nilijua atasema amekata tamaa.

"Na nikimkuta?" akasema. "Nitamtazama kwa macho gani? Nilishamuaga."

Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwao kulipotulia alirudi na wanawe. Hatukupata tena habari zake.

Funzo nililobaki nalo: kumfanyia mtu kazi bado naona ni zawadi kubwa kuliko kitu cha dukani. Ila piga hodi kwanza, mwambie unakuja kufanya nini. Na mtu anayesubiri habari za mtu wake, usimfanyie sapraizi ya aina yoyote.

Mama yangu sasa ni mzee. Kila mkesha wa Krismasi ananiuliza jambo moja na mimi sina jibu, ndiyo maana nimelileta kwenu, hasa mlioko Kigoma na ng'ambo ya Burundi. Mtu akililiwa naye yuko hai, kwenu kuna namna ya kukirudisha kile kilio?

Anayejua aandike hapa chini, hata mstari mmoja. Nitamsomea.