Kizuka wa Nyumba ya Vioo

Semeni alikuwa mjane pekee Mohoro nzima aliyeomba eda yake isiishe. Wenzake hukaa ndani miezi minne na siku kumi wakiulizia lini watatoka, mpaka sauti zao wenyewe zinawachosha. Yeye kila mwezi ulipoandama moyo ulimpiga paa, kwa sababu siku atakayotoka, nyumba itavunjwa.

Na nyumba yenyewe, jamani, si hizi zetu. Ni nyumba ya vioo. Enzi za Wajerumani, tajiri mmoja wa pamba aliyekuwa na shamba kilimani huko alioa mwanamke mpenda maua. Basi akaagiza mbavu za chuma kwa meli, akazisimamisha juu ya msingi wa mawe, akazivika vioo kuanzia usawa wa kiuno hadi mgongo wa paa, kila kioo kikilalia cha chini yake kama makuti. Nyuma akajenga ukuta mnene wa mawe, na nyuma ya ukuta chumba chembamba cha mtunza bustani. Rufiji hii, joto lote hili tulilonalo, mtu anajenga nyumba ya kufugia joto! Wazee wetu walicheka wakakaa chini. Ila mjenzi hakuwa mjinga: juu kabisa aliweka madirisha yanayofunguliwa kwa gurudumu na mnyororo. Unazungusha ukiwa chini, paa linafumbuka, joto linatoka.

Matajiri wakaja, wakaondoka. Aliyebaki ni Abdulswamadu, mumewe Semeni, aliyeajiriwa kulinda shamba akaishia kuitunza nyumba. Mle ndani aliotesha miche ya mikorosho na michungwa. Kioo kikivunjika alipachika kingine kwa puti aliyoikanda mwenyewe, chokaa na mafuta ya ufuta. Vioo vilipokosekana akaweka bati, na bati lilipokosekana akaweka nailoni. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi wawili tu katika kile chumba chembamba, na jirani wa karibu ni mwendo wa kukutoa jasho.

Kila kiangazi Abdulswamadu alivipaka vioo chokaa kwa nje ili jua lisiunguze miche. Mwaka huu alifika nusu. Presha ikamwangusha, na bodaboda ya kumpeleka hospitali ilipofika, mtu alishakwenda zake.

Sasa kizuka, mjane aliye edani, haonekani ovyo na wanaume, na nusu ya nyumba ya Semeni ilikuwa wazi kama kabati la dukani. Kutoka nje hawezi. Akachukua brashi ya marehemu, akaipaka nusu iliyobaki kwa ndani, analia huku anapaka, chokaa inamdondokea kichwani. Alipomaliza, mwanga mle ndani ukawa mweupe kama maziwa, hauna kivuli. Haoni mtu, na mtu hamwoni. Upweke ulimshika hapo, na ulimuuma hasa. Alipika wali wa watu wawili, akakumbuka chungu kikishaepuliwa.

Msiba haujapoa, akaja Nassibu, msimamizi aliyetumwa na mwenye shamba mpya, na mafundi kutoka Kibiti.

"Shikamoo, mama. Mwenye mali anataka chuma kiteremshwe. Hapa patalimwa ufuta."

"Marahaba, mwanangu," Semeni alijibu akiwa nyuma ya chokaa. "Niko edani."

Nassibu akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha macho. "Tumwacheni," akawaambia mafundi. "Akitoka, tutakuja."

Hivyo eda ikawa ndiyo kufuli ya nyumba. Semeni alilijua hilo na aling'ang'ania upweke wake kwa mikono miwili.

Aliyemletea chakula ni wifi yake, Mwanamkuu, dada wa marehemu. Huyo naye ana kichwa kigumu. Hajawahi kukanyaga ndani tangu kaka yake alipoacha mashamba ya mpunga ya baba yao kwenda, kama alivyosema, kufuta vioo vya watu. Kila alipokuja alisimama mlangoni, akapitisha kapu la samaki na mchele, akauliza hali, akaondoka. Semeni alitamani aingie akae, hata kama ni kwa kugombana.

Siku ikafika. Mwanamkuu alikuja na kanga mpya na udi. Nassibu na mafundi wakabaki barabarani.

"Bado," Semeni alisema, amekaa katikati ya miche. "Mmehesabu vibaya."

"Mwezi tumeuona Mohoro nzima, Semeni. Inuka nikuogeshe."

"Sitoki. Nikitoka nitakuwa nimemwacha peke yake."

Mwanamkuu akavua kandambili, akaingia kwa mara ya kwanza, nia yake amshike mkono amburute. Akafika katikati, akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye puti. Kwenye ukingo wa kila kioo kulikuwa na alama ya gumba lililokandamiza, na kila gumba lilikuwa na mfereji katikati.

"Ni yeye," alisema. "Nilimkata mimi kwa mundu, tunavuna, tukiwa watoto. Kovu halikufutika."

Akaanza kupita kioo kwa kioo, anagusa. Alama zilipanda hadi mkono wake usikofika. Akakaa chini kwenye matofali, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko.

"Miaka yote alikuwa humu, na mimi nasimama mlangoni. Waambie hao waende, Semeni. Mimi sitoki."

Semeni akakaa karibu naye, akamwacha alie. Nje mafundi walikuwa wakikohoa kohoa. Kwa muda mrefu alitamani mtu wa kukaa naye humu, naye ndiye huyu amepatikana leo. Lakini alimwona wifi yake anajifungia palepale alipojifungia yeye. Akainuka, akaenda chumbani akajimwagia mwenyewe maji ya kutokea eda, maana wa kumwogesha hakuwa na nguvu. Akavaa kanga mpya. Akarudi, akamshika wifi yake chini ya kwapa.

"Inuka, wifi. Twende nyumbani kwako."

Walitoka wameshikana, Semeni mbele. Jua likamchoma macho. Nassibu alikuwa ameshafika mlangoni, spana mkononi, hajui aangalie wapi. Semeni akampisha, kama mwenye nyumba anavyompisha mgeni.

"Karibuni," akasema.