Vyuma Chini ya Kitanda
Wakati mamluki wakitamba Moroni, niliifungua injini ya gari langu, nikapanda meli kufuata ringi za pistoni bandarini Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Kabla ya kuondoka nilivikausha vyuma vyote, nikavipaka grisi, nikavifunga kwa matambara yaliyolowa oili. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kisha nikavisukuma uvunguni mwa kitanda chetu, nyumbani mtaa wa Magoudjou.

Kutu niliiogopa, shemeji yangu sikumfikiria. Kwetu nyumba ni ya upande wa mke. Mume ni mgeni, na kaka wa mke huingia bila hodi.

Niliporudi na ringi zangu, uvungu ulikuwa mtupu.

“Kaka amevichukua,” mke wangu akasema, macho chini. “Ningemzuiaje? Hapa ni kwa mama yetu.”

Kaka yake alikuwa fundi wa mamluki, nao walikuwa na gari kama langu. Nilimkuta njia ya Itsandra, boneti wazi, vyuma vyangu vikizunguka ndani ya injini yao. Wala hakuona haya. Alinipiga bega akicheka.

“Shemeji, wewe unajua kutunza! Sikukuta hata doa la kutu.”