Sehemu ya Tuba

Koplo alipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, miaka ishirini na miwili katika bendi ya jeshi. Kwenye gwaride alisimama mstari wa nyuma kabisa, na wapiga picha wa magazeti, Mungu awasamehe, hawakuwahi kumpata zaidi ya kofia. Likizo moja akaomba ruhusa ya kuondoka nayo, akaibeba mgongoni hadi kwa mama yake, ambaye hakuwahi kumsikia akipiga.

Mama alizima redio, akaketi. "Haya baba, nipigie ile ya gwaride."

Koplo akavuta pumzi. Pum. Pum. Akanyamaza, akihesabu mapigo kimoyomoyo, maana hapo ni zamu ya wenzake wa tarumbeta ndogo. Pum. Akanyamaza tena. Kichwani mwake bendi nzima ilikuwa inanguruma. Chumbani ilisikika saa ya ukutani tu. Alipiga mpaka mwisho bila kukosea hata pigo moja, akaishusha tuba, jasho likimtiririka.

Mama alikuwa bado anasubiri, mikono mapajani. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, usione haya, ni mimi tu. Anza."